Laini Hazina Macho

Swali ni lile lile, aulize mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu au mfanyabiashara wa Mwanga, Kigoma, anayetaka kuuza migebuka mtandaoni: "Mtaalamu, si nichukue tu laini za intaneti nigawanye kwa idadi ya watu, nipate asilimia ya watumiaji?" Hapana. Nimelijibu mpaka nimechoka.

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, dagaa wakianikwa. Mama mchuuzi ana simu ya laini mbili; bando likiisha huku, anahamia kwenye ofa kule. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) huhesabu laini iliyotumia intaneti ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo zake zote mbili zimo. Usiku mwanawe wa kidato cha pili anaazima simu hiyohiyo atazame mpira. Yeye hahesabiwi popote. Mama kawa watu wawili, mtoto kawa hewa.

Na tofauti kati ya laini na watu si ndogo. Mwaka 2017 hesabu ya laini ilitoa watumiaji wapatao milioni 23, sawa na asilimia 45 ya Watanzania. Kipindi hichohicho watafiti wa Research ICT Africa walikwenda kwenye kaya, wakauliza watu wa miaka 15 na kuendelea. Walipata asilimia 14. TCRA haikukosea, kazi yake ni kuhesabu laini. Anayekosea ni wewe unayezipa laini macho na vidole.

Kuna na wale wanaosambaza dodoso kwa WhatsApp ili kujua nani Ujiji anatumia intaneti. Mtapata asilimia 100. Hongereni.

Basi, vyanzo vya kutumia, haraka haraka. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 uliwauliza wanawake na wanaume wa miaka 15 hadi 49 kuhusu intaneti, na majedwali yake yanaonyesha mikoa. Ripoti ni bure, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wazee hawamo, kumbuka hilo. Takwimu za TCRA za kila robo mwaka zinafaa kuona soko linakwenda wapi. Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma, ni ya kupangia sampuli. Unataka mtaa mmoja tu? Piga hodi nyumba kwa nyumba, uliza hata asiye na simu, na uulize alitumia simu ya nani.

Tasnifu itakayogawanya laini kwa watu nitairudisha bila kuisoma.