Baraza la asbl ya sanaa kwa wanafunzi: anayetia sahihi ndiye atakayejibu

LUBUMBASHI – Kuanzisha asbl ya kufundisha watoto kuchora, kuimba au kucheza teatri si jambo gumu kwa mwenye moyo. Kijana mwenye kipaji hukusanya wanafunzi wa mtaa siku ya Jumamosi, huomba shule imwachie darasa moja, hununua krayo na karatasi kwa pesa yake mwenyewe. Ugumu huanza siku ya kuandika statuti. Hapo hutafuta majina: yaya yake anayefanya kazi benki, mwalimu aliyestaafu, avoka wa parokia, mama mfanyabiashara anayeheshimiwa katika komuni. Wengi hutia sahihi kwa sababu ya undugu au urafiki, hupigiwa makofi, kisha hurudi nyumbani. Wachache huuliza wamekubali kazi gani.

Lakini kazi ipo. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayoongoza vyama visivyotafuta faida katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua saba na inagawa madaraka. Mkutano mkuu ndio unaobadili statuti, unaoweka na kuondoa viongozi, unaopitisha bajeti na hesabu, na unaoweza kuvunja chama. Baraza la usimamizi linaongoza chama kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine. Waziri wa Sheria ndiye anayekipa chama utambulisho wa kisheria, baada ya maoni ya waziri wa sekta inayohusika.

Kwa lugha ya kila siku: mwanzilishi anafundisha, baraza linajibu.

Funzo la Le Hangar

Wakaaji wa Lubumbashi hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Haikuwa ya watoto wa shule, ila ya vijana na watu wazima. Humo alitokea Pilipili Mulongoy na samaki, ndege na majani yake. Mwenze Kibwanga na mistari yake midogo midogo. Na Bela, aliyechora kwa ncha za vidole. Kazi zao zilivuka mipaka ya nchi na mpaka leo zinatafutwa.

Hata hivyo, karakana ile ilisimama juu ya mtu mmoja. Desfossés alipofariki mwaka 1954, Le Hangar nayo ilifikia mwisho. Bahati ni kwamba mjini kulikuwa na mlango mwingine, Académie iliyofunguliwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Pilipili na Mwenze waliendelea na kazi huko, tena kama walimu.

Upande wa magharibi wa nchi mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1943, frère Wallenda, wa shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi. Mwaka 1949 shule ilihamia Kinshasa, na mwaka 1957 ikawa Académie des Beaux-Arts. Mwanzilishi aliondoka, viongozi wengi wamepita, shule ingalipo. Katika karakana zote mbili kipaji kilikuwepo. Kilichotofautisha ni nani aliyekuwa nyuma ya mwanzilishi: Kinshasa kulikuwa na shirika zima.

Asbl ndogo ya mtaani haina shirika la mabruda nyuma yake. Ina baraza lake tu.

Mtoto anapoteza nini

Kuna watakaosema kuwa kuchora na kuimba ni mchezo, kwa hiyo chama kikifa hakuna aliyeumia. Katiba ya mwaka 2006 haisemi hivyo. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Kifungu cha 46 kinampa kila mtu haki ya utamaduni na uhuru wa kubuni kazi za sanaa.

Tangu masomo ya bure yaanze kutekelezwa mwezi Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na madarasa yakajaa. Dessin na chant zimeandikwa kwenye programu, lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika, asiye na karatasi wala rangi, hutanguliza kusoma na hesabu. Saa ya dessin ndiyo hukatwa kwanza. Mtoto wa familia yenye uwezo atalipiwa mwalimu wa gitaa nyumbani. Yule wa Katuba au wa komuni ya Kenya anategemea ile asbl ya Jumamosi. Ikifa katikati ya mwaka, nafasi yake ya kujifunza sanaa inakufa nayo.

Pesa: sahihi mbili, hata kwenye simu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Vyama vingi vya sanaa huishi kwa pesa ya mradi, inayotolewa kwa miezi michache na kwa kazi iliyotajwa. Pesa iliyoombwa kwa kununua ngoma ikilipa kodi ya ofisi, mfadhili ataona kosa hata kama hakuna aliyeweka franga moja mfukoni. Mjumbe wa baraza hahitaji kuwa mtaalamu wa hesabu ili kuuliza maswali matatu katika kila mkutano: tumepokea kiasi gani, kimetumika wapi, kimebaki kiasi gani. Jibu liwe kwenye karatasi, pamoja na risiti.

Hatari nyingine iko kwenye simu. Malipo mengi leo hupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na mara nyingi namba ni ya mwanzilishi mwenyewe. Mashariki mwa nchi hali ni ngumu zaidi: tangu mapema mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma na baadaye Bukavu, benki zilifunga milango, na utaratibu wa sahihi mbili kwenye hundi ukapoteza mahali pa kutumika. Palipo hivyo, kanuni inabaki ileile ila chombo kinabadilika: hakuna pesa inayotumwa kabla ya watu wawili kukubali kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu unaohifadhiwa.

Ngoma ni za nani?

Vifaa huleta ugomvi kuliko pesa taslimu. Gitaa, spika, mashine ya kushona nguo za teatri, vyote hulala nyumbani kwa mwanzilishi kwa sababu chama hakina depo. Akihama au akifariki, ndugu zake wataviona kama urithi, tena kwa nia njema. Baraza lenye orodha ya vifaa, iliyotiwa sahihi na mwanzilishi mwenyewe na kusahihishwa kila mwaka, limemaliza kesi kabla haijazaliwa. Statuti nazo ziseme mali itakwenda wapi siku chama kikivunjwa.

Watoto kwanza

Jukumu zito kuliko yote ni usalama wa watoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inahusu pia mazoezi ya teatri ya saa kumi jioni. Nani anabaki na watoto baada ya mazoezi? Wakisafiri kwenda kwenye tamasha, nani analala nao chumba kimoja? Mtoto akiwa na malalamiko dhidi ya mwalimu, anamwambia nani, ikiwa mwalimu huyo ndiye mwanzilishi? Baraza lichague mtu mmoja, asiye mwalimu wa chama, na jina lake lijulikane na watoto na wazazi. Mjumbe aliye ndugu au rafiki wa mtuhumiwa anatoka kwenye kikao wakati jambo hilo likijadiliwa.

Kuna pia mambo yanayoonekana madogo. Picha ya mtoto amevaa nguo iliyochanika, ikiwekwa kwenye ripoti ya kuomba msaada, inahitaji ruhusa ya mzazi, na hata ruhusa ikipatikana baraza lina haki ya kuikataa. Mchoro wa mtoto ukiuzwa kwenye maonyesho, ijulikane mapema mtoto atapata nini.

Shule nayo ina mwenyewe. Shule nyingi za serikali zinasimamiwa na makanisa, kufuatana na makubaliano yaliyotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977. Ruhusa ya mdomo ya direkta mmoja haitoshi: akihamishwa, darasa la Jumamosi linafungwa. Barua iliyopitia pia kwa wasimamizi wa mtandao wa shule hizo hudumu kuliko urafiki.

Kumsaidia mwanzilishi, na kumwambia hapana

Baraza zuri si polisi. Halimfundishi msanii namna ya kuchora wala halichagui nyimbo. Linamfungulia milango: avoka anasoma mkataba, mwalimu mstaafu anaongea na prefe, mama mfanyabiashara anatafuta karatasi kwa bei nafuu. Lakini mwanzilishi hawezi kujipangia mshahara wake mwenyewe, na baraza lililojaa kaka, dada na shemeji wa mtu mmoja litashindwa kumwambia hapana siku ile hapana itakapohitajika. Pia ni baraza linalopaswa kuuliza mapema, mwanzilishi akiwa bado na nguvu, nani anajifunza kazi yake.

Kwa yule anayeombwa jina lake leo, hatua za kwanza ni rahisi. Aombe statuti azisome. Aombe ripoti ya mkutano wa mwisho na hesabu za mwaka uliopita. Aulize baraza hukutana mara ngapi, na ajipime kama ana nafasi. Aende Jumamosi moja akawaone watoto wakifanya kazi, bila hotuba. Karatasi zisipopatikana, anaweza kukataa kwa heshima, au kukubali kwa sharti kwamba zitengenezwe ndani ya miezi mitatu. Na aliyekwisha kutia sahihi miaka iliyopita bila kurudi tena, anaweza kuitisha kikao wiki hii. Asipokuwa na muda, aandike barua ya kujiuzulu na kumwachia mwingine kiti, kwani jina lake likibaki kwenye statuti, wazazi wanaendelea kuamini kwamba kuna mtu anayeangalia.