Kazi ya Wavuvi wa Kamba

Watu wengi wa bara huujua uduvi ukiwa mkavu tu, ukipimwa kwa kikombe sokoni. Yafaa basi tueleze jinsi upatikanavyo, pamoja na kamba walio wakubwa kuliko huo, na taabu iliyomo katika kazi hiyo.

Kando ya mji wa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni kuna Kunduchi, na upande wa Temeke kuna Mtoni Kijichi, karibu na hori la Mzinga. Huko kuna mikoko, na penye mikoko ndipo kamba hukulia. Kamba mpevu hutaga mayai baharini. Watoto huletwa na maji yajaayo, wakajificha na kula mizizini mwa mikoko kwa muda wa miezi michache, kisha hurudi baharini.

Saa ya mvuvi ni mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na kujaa kwa nguvu. Wanaume huenda kwa mitumbwi na nyavu. Wanawake huingia majini mpaka kiunoni, wawili wawili, wameshika ncha za nguo au za wavu mwembamba. Kazi hii huitwa kutanda. Matope hunasa miguu, na mwiba wa taa ni hatari kubwa. Warudipo pwani hawapumziki, maana kamba hawakawii kuoza, na asiye na barafu hana budi kuuza upesi kwa bei apewayo. Uduvi hutiwa chumvi, ukaanikwa juani. Mvua ikinyesha, jasho lote limepotea.

Lakini nguo haichagui. Pamoja na uduvi, ambao ni mdogo kwa asili yake, huzoa watoto wa kamba na wa samaki. Naye akataye mikoko kwa kuni au boriti huwavunjia nyumba yao. Mwaka 2007 Serikali ilisimamisha meli zilizokuwa zikikokota nyavu za kamba baharini, kwa kuwa kamba walikuwa wamepungua. Ikiwa mwenye meli alizuiliwa, mwenye nguo na mwenye shoka nao hawana budi kujizuia.

Hatumlaumu mama atandaye, kwani ndicho chakula cha watoto wake. Twamsihi tu ayarudishe makinda majini yangali hai. Wazee na wailinde mikoko, na walimu wawaeleze watoto sababu yake. Mkulima mwenye akili hali mbegu zake. Na mbegu za mvuvi zimo mikokoni.