Nyaya za kubusti betri

Nyaya za kubusti betri (huitwa pia waya za kubustia au jampa) ni jozi ya nyaya nene zenye vibano kila mwisho. Hutumika kuunganisha betri ya gari zima na ya gari ambalo betri yake imeishiwa umeme, ili injini iliyozimika iweze kuwashwa. Kwa kawaida waya mmoja ni mwekundu, wa upande wa chanya (+), na mwingine ni mweusi, wa upande wa hasi (-).

Katika maeneo yaliyo mbali na gereji kubwa, nyaya hizi ni kifaa cha lazima. Mfano ni Hedaru, kata ya Wilaya ya Same katika Mkoa wa Kilimanjaro, iliyoko chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Arusha na Moshi kuelekea Korogwe na Dar es Salaam. Magari madogo, mabasi na malori hupita hapo mchana na usiku. Dereva aliyekwama anaweza kupata msaada haraka, lakini msaada huo hufaa tu kama nyaya ni bora na gari linalosaidia lina volti zinazolingana na za gari lake.

Kwa nini nyaya huhitajika

Tangu Charles Kettering wa Marekani alipobuni starta ya umeme, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, injini nyingi hutegemea betri ili ziwake. Zamani gari lenye betri dhaifu liliwashwa kwa kusukumwa, na magari yenye gia za mkono bado huweza kuwashwa hivyo. Magari ya gia otomatiki, ambayo ni mengi miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani, hayawaki kwa kusukumwa.

Joto la nyanda za chini nalo huchangia tatizo. Betri ya risasi na asidi huchakaa mapema zaidi inapokaa kwenye joto kali, na ile inayoongezewa maji hukauka haraka.

Unene wa waya

Jambo la kwanza katika kuchagua nyaya ni unene wa chuma kilicho ndani, si unene wa plastiki ya nje. Nyaya nyingi za bei nafuu huwa na plastiki nene iliyofunika nyuzi chache tu.

Starta ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150 hadi 200, na ya injini ya dizeli zaidi ya hapo. Umeme mwingi kiasi hicho ukipita kwenye waya mwembamba, sehemu ya volti hupotea njiani na kugeuka joto. Jedwali lifuatalo linaonyesha hesabu ya jozi ya nyaya za shaba, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 3, zikipitisha ampea 200:

| Eneo la shaba | Volti zinazopotea |
|---|---|
| milimita za mraba 6 | takriban 3.4 |
| milimita za mraba 16 | takriban 1.3 |
| milimita za mraba 25 | takriban 0.8 |

Kwa nyaya za milimita za mraba 6, zaidi ya robo ya volti 12 hupotea kabla ya kufika kwenye starta, ambayo huenda ikatoa mlio wa "ta-ta-ta" tu bila kuzungusha injini. Joto linalozalishwa hufikia karibu wati 700, kiasi cha kuyeyusha plastiki iwapo dereva ataendelea kujaribu kwa muda mrefu.

Kwa kawaida milimita za mraba 16 hutosha kwa gari dogo la petroli. Milimita za mraba 25 zinafaa injini kubwa za petroli na dizeli ya hadi lita 3, na 35 zinafaa dizeli kubwa zaidi. Nyaya zilizopimwa kwa mfumo wa Marekani (AWG) huhesabiwa kinyume: namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi. Namba 6 ni takriban milimita za mraba 13, namba 4 ni 21, na namba 2 ni 34. Idadi ya ampea iliyoandikwa kwenye mfuko haitoshi kumwongoza mnunuzi kama unene wa waya haukutajwa.

Shaba au alumini

Nyaya nyingi sokoni ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, hivyo waya wake unapaswa kuwa mnene zaidi ili ufanye kazi ileile. Uzi mmoja ukikwaruzwa kwa kisu na kuonekana mweupe ndani, si shaba tupu. Uzito pia husaidia, kwani shaba ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara tatu.

Urefu na vibano

Waya mfupi hupoteza volti chache, lakini lazima ufike kutoka gari moja hadi jingine bila magari kugusana. Mita 3 hadi 4 hutosha magari mengi madogo. Kibano kizuri kina springi ngumu, meno yanayoshika vizuri, na mpini uliofunikwa plastiki. Nyuzi za waya ziwe zimebanwa imara kwenye kibano, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata moto.

Volti 12 na volti 24

Magari madogo hutumia volti 12, lakini malori na mabasi mengi makubwa hutumia volti 24, mara nyingi kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Kwenye barabara kuu gari la kwanza kusimama huenda likawa lori. Kuunganisha mfumo wake wa volti 24 na gari la volti 12 kunaweza kuunguza vifaa vya elektroniki au kupasua betri na kurusha asidi. Ni salama zaidi kusubiri gari la volti 12.

Jinsi ya kuunganisha

Magari yote mawili huzimwa kwanza, kisha:

1. Waya mwekundu hufungwa kwenye chanya ya betri iliyoisha.
2. Mwisho wake wa pili hufungwa kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima.
4. Mwisho wake wa pili hufungwa kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri.

Hatua ya mwisho ina sababu. Betri huweza kutoa gesi ya hidrojeni, na cheche ndogo karibu nayo inaweza kuilipua. Kwa sababu hiyohiyo sigara na moto haviruhusiwi karibu. Betri iliyopasuka au inayovuja haibustiwi.

Gari zima huwashwa na kuachwa lingurume dakika chache, kisha lililokwama hujaribiwa. Likishawaka, nyaya hufunguliwa kwa kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza.

Baadhi ya magari ya mseto, kama Toyota Prius, yana betri ya volti 12 nyuma na kituo cha kuunganishia chini ya boneti, hivyo kitabu cha gari kinapaswa kusomwa kwanza.

Kubusti huwasha gari tu, hakuponyi betri. Gari likizimika tena baada ya safari ndefu, betri, alteneta na mkanda wake vinahitaji kupimwa na fundi.