UFAFANUZI KUHUSU VIWANJA VYA MICHEZO VILIVYOCHAKAA: MFANO WA UWANJA WA MAJIMAJI, SONGEA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa suala la kuukarabati uwanja mkongwe, au kuuacha na kujenga mwengine, haliamuliwi kwa mapenzi ya washabiki peke yake. Suala hilo lina upande wa sheria, wa ufundi na wa fedha. Mfano unaofaa kuangaliwa ni wa klabu ya Majimaji ya Songea, Mkoa wa Ruvuma, ambao unawagusa wakaazi wa Lizaboni na wa kata nyengine zote za Manispaa hiyo.

Klabu na uwanja wake

Klabu hiyo, yenye lakabu ya Wanalizombe kutokana na ngoma ya Lizombe ya Wangoni, ina jina la Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wasomaji wa Visiwani wataikumbuka katika Ligi ya Muungano. Baada ya KMKM ya Zanzibar kutwaa ubingwa mwaka 1984, Majimaji iliutwaa mwaka 1985 na 1986, na kwa mara nyengine mwaka 1998. Mwaka 2018 iliteremka kutoka Ligi Kuu ya Tanzania Bara.

Uwanja wa Majimaji hautumiki kwa kandanda pekee. Mwezi wa Septemba 2024 kilele cha Tamasha la Utamaduni la Kitaifa kilifanyika hapo. Kwa hivyo, kuuacha uwanja huo kungewagusa hata wasiofuatilia mpira.

Mwenye mali

Jambo la kwanza ni kufahamu kuwa uwanja huo si mali ya klabu. Viwanja vingi vya mikoa ya Tanzania Bara vilijengwa wakati wa chama kimoja, kwa michango na nguvu za wananchi. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, viwanja hivyo vilibakia mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi, na wa Majimaji ni miongoni mwao. Klabu ni mtumiaji tu. Haiwezi kuubomoa, kuuza wala kuuweka rehani, na mfadhili yeyote ataitaka kwanza ioneshe mkataba. Mpangaji anayejenga bila ya hati hujengea mwenye kiwanja.

Kinachochakaa

Kwa kawaida sehemu inayoharibika mwanzo ni eneo la kuchezea, ambalo kipimo chake cha kimataifa ni mita 105 kwa 68. Mvua za Songea hunyesha kwa wingi kuanzia Disemba hadi Aprili, nao ni wakati ambao ligi inachezwa. Ardhi isiyo na tabaka la mchanga na kokoto chini ya nyasi, wala mifereji ya kutolea maji, hugeuka tope, na tope likikauka huacha mashimo. Kupanda nyasi mpya juu ya ardhi hiyo hakuondoi tatizo. Baada ya eneo la kuchezea hufuata uzio, milango ya kutokea, vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo na majukwaa. Kasoro za sehemu hizo ndizo zinazoweza kuufanya uwanja ufungiwe, na timu ilazimike kuhamia mji mwengine na kukosa viingilio vya nyumbani.

Kujenga upya

Uwanja mpya una gharama mbili: ya kuujenga na ya kuutunza. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, wenye nafasi 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007 kwa uwezo wa Serikali na msaada wa China, si wa klabu. Hapa Zanzibar, Uwanja wa Amaan uliofunguliwa mwaka 1970 haukuhamishwa. Ulifanyiwa matengenezo makubwa palepale na kufunguliwa upya tarehe 27 Disemba 2023, na mwenye mali na mlipaji alikuwa Serikali. Klabu iliyo nje ya Ligi Kuu haina viingilio vya kulipia maji, umeme na walinzi wa uwanja mkubwa. Aidha, ardhi ya kutosha hupatikana nje ya mji, na hapo mshabiki aliyekuwa akienda kwa miguu atalazimika kulipa nauli.

Hatua zinazofaa

Kwa kuzingatia hayo, utaratibu unaofaa ni huu:

(a) Mwenye uwanja, Halmashauri ya Manispaa na klabu watiliane saini mkataba wa muda mrefu, unaoeleza nani anatengeneza na nani anapokea mapato.

(b) Mhandisi akague majukwaa na mifereji kabla ya fedha yoyote kutumika.

(c) Matengenezo yaanze na eneo la kuchezea na usalama wa watazamaji. Majukwaa mapya na taa vifuate baadaye.

(d) Uwanja mpya ufikiriwe pale tu klabu itakapokuwa na ardhi yenye hati na fedha za matunzo ya kila mwaka.

Wananchi wa Ruvuma wana haki ya kuwa na uwanja mzuri. Haki hiyo itapatikana mapema zaidi kwa mkataba wa uwanja uliopo kuliko kwa ramani ya uwanja usio na ardhi.