Tindikali Yafichua Siri ya Chuma Kilichoanguka Kutoka Angani

Mtu aliyepata kufika wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa nchi jirani ya Tanzania, bila shaka amekiona kile kimondo mashuhuri cha chuma. Urefu wake wapata mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikifahamu kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kuwajulisha wataalamu habari zake mwaka 1930. Ukikitazama kwa nje, huoni ila weusi na vibonde vidogo, mithili ya udongo uliofinywa kwa vidole. Lakini uchunguzi umeonyesha kwamba asilimia 90 hivi ni chuma, na karibu asilimia 9 ni madini ya nikeli. Chuma chenye nikeli ya kadiri hiyo kwa kawaida huficha tumboni mwake nakshi ya ajabu, ambayo jicho haliwezi kuiona mpaka tindikali ipite.

Mtu wa kwanza kuandika habari za nakshi hiyo alikuwa Mwingereza William Thomson, aliyeishi katika mji wa Naples, Italia. Alipaka tindikali ya nitriki juu ya kipande cha kimondo kilichotoka Siberia ili aondoe kutu. Badala ya uso mtupu, akaona mistari iliyokatana kwa utaratibu. Alichapisha habari hizo mwaka 1804, naye akafariki mwaka 1806. Miaka miwili baadaye, mjini Vienna, Alois von Widmanstätten, mkuu wa kiwanda cha kauri cha Dola ya Austria, alikipasha moto kipande kilicholainishwa cha kimondo kilichoanguka Hraschina, nchini Kroatia, mwaka 1751. Mistari ile ile ikajitokeza kwa rangi mbalimbali. Hata leo nakshi hiyo huitwa kwa jina la Widmanstätten, si la Thomson aliyemtangulia.

Je, tindikali huichora nakshi hiyo? La, hasha. Tindikali haichori kitu; huonyesha tu kilichokuwamo. Vimondo vingi vya chuma ni vipande vya matumbo ya sayari ndogo zilizovunjika zamani za kale. Mle ndani, joto lilipokuwa zaidi ya digrii 900 za Sentigredi, chuma na nikeli vilikuwa fuwele ya namna moja. Joto lilipopungua, fuwele hiyo ikagawanyika. Pakaota mabamba ya kamasaiti, yenye nikeli chache, na kati yake pakabaki tabaka nyembamba za tenaiti, yenye nikeli nyingi. Kazi hiyo ilikwenda polepole mno: katika vimondo vingi joto lilishuka kwa makumi, mamia au maelfu ya digrii tu katika kila miaka milioni moja. Hakuna kalibu wala kiwanda duniani kiwezacho kungoja muda huo. Kwa hiyo nakshi hii ni hati ambayo mghushi hawezi kuiiga kwa chuma cha kawaida.

Utaratibu wa kuifichua ni huu. Kipande hukatwa kwa msumeno huku kikipozwa, kisha husuguliwa kwa msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, mpaka king'ae kama kioo. Baada ya kuoshwa, hupakwa kwa brashi mchanganyiko wa spiriti na tindikali ya nitriki, sehemu 5 hivi katika 100. Tindikali huila kamasaiti upesi kuliko tenaiti. Ndipo mistari inapoinuka. Halafu kipande huoshwa kwa maji, tindikali iliyobaki huuawa kwa maji ya magadi, kisha hukaushwa na kupakwa mafuta ili kisishike kutu. Kazi hii si mchezo: tindikali huunguza ngozi na kupofusha macho, mvuke wake hudhuru mapafu, na mchanganyiko huo ukifungiwa ndani ya chupa waweza kulipuka.

Elimu hii haikuishia kwenye vimondo. Mwaka 1863 na 1864, mjini Sheffield, Uingereza, Henry Clifton Sorby alipaka tindikali juu ya chuma cha pua, akakitazama kwa hadubini, na akafungua mlango wa elimu ya metali ya leo. Askari wa upelelezi nao wanajua jambo linalofanana na hilo. Mhalifu akifuta namba ya bunduki kwa tupa, hudhani ameua ushahidi. Kumbe nyundo iliyopiga namba ile kiwandani iligandamiza chuma hata chini ya herufi. Fundi wa maabara akipaka dawa ya tindikali, mahali palipogandamizwa huliwa kwa namna iliyo tofauti na palipo pakavu, na namba hurudi kuonekana, isipokuwa kama tupa ilizama mno.

Hata hivyo, mpelelezi mwema hafanyi haraka kuhukumu. Kimondo cha Hoba, nchini Namibia, chenye uzito wa tani 60 hivi, hakionyeshi nakshi hii kwa sababu nikeli yake yapata asilimia 16, nacho ni kimondo halisi. Kuwapo kwa nakshi ni ushahidi mzito. Kukosekana kwake peke yake si hatia.

Basi, ndugu askari, ukiwa doria ukakuta jiwe jeusi zito kupita kiasi, linalovuta sumaku, usilitie motoni, usiligonge nyundo, wala usilijaribu kwa tupa. Moto mkali wa saa chache waweza kufuta maandishi yaliyochukua mamilioni ya miaka kuandikwa. Weka alama mahali ulipolikuta, kisha toa taarifa kwa wakubwa wako ili wataalamu wa madini waitwe, kama vile ufanyavyo kwa ushahidi mwingine wowote.