Sura ya Nne: Anayejua Jalada Liko Wapi

Kwa miaka mingi, matangazo ya nafasi za Katibu Mahsusi serikalini Tanzania yalikuwa na sharti moja lisilobanduka: mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Ukilisoma leo utadhani mtu alilisahau humo. Bosi aliyekuwa akitembea huku na huku akizungumza, mhazili akichora alama zake daftarini, amekuwa adimu. Siku hizi anaandika barua pepe mwenyewe, na akichoka kuandika anaisemea simu imwandikie. Hata hivyo wapo waliosomea hatimkato Chuo cha Uhazili Tabora ambao wangali maofisini, na ofisi nyingine zinayumba wakichukua likizo. Tujiulize basi wamebakizwa na nini.

Kazi hii imezoea kunyang'anywa vifaa. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kuwa shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mpiga chapa aliyekariri barua za Kiingereza akalazimika kujifunza upya namna ya kuanza na kumaliza barua. Baadaye ikaja kompyuta, taipureta ikawekwa stoo. Mwaka 2017 serikali ikaanza kukusanya malipo yake kwa kontroli namba, na foleni ya dirisha la mhasibu ikahamia kwenye simu za wananchi. Kila mabadiliko yalimpunguzia thamani aliyejua kifaa tu. Aliyejua jambo linaanzia wapi na linaishia kwa nani alibadilishiwa kifaa, akaendelea na kazi.

Jambo hilo huonekana vizuri zaidi masijala, chumba ambacho vijana wengi wenye vyeti vya kompyuta hawataki kupangiwa. Barua ikifika hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ikaandikwa kwenye rejista, ikafungwa ndani ya jalada lake na kupewa namba ya folio. Jalada linapelekwa kwa afisa, naye anaandika dokezo kwa mkuu wake; mkuu anaandika maelekezo chini ya dokezo hilo, na jalada linarudi. Utaratibu ni mfupi. Lakini sikiliza ofisi yoyote ya umma kwa asubuhi moja utasikia "faili halionekani". Mara nyingi faili halijapotea. Limetoka kwa afisa utumishi, akampa mwanasheria mkononi, na hakuna aliyeandika kwamba limehama.

Mfumo wa Ofisi Mtandao unatibu nusu ya ugonjwa huo: unaonyesha jalada liko kwa nani na tangu lini. Hausemi kwamba limekaa kwake wiki tatu kwa kuwa anaamini ni la mwenzake. Hilo analijua mhazili, maana ndiye anayepokea simu za wote wawili. Na ndiye anayeweza kumwambia mkuu, kwa adabu na bila kumchongea mtu: "Mheshimiwa, lile jalada la Mwanza linasubiri aamue nani?" Swali hilo moja lina thamani kuliko kuchapa kurasa kumi.

Sasa njoo mapokezi. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu, ameshika bahasha ya kaki, amekuja kuulizia mafao yake. Jibu rahisi linajulikana nchi nzima: mhusika hayupo, njoo kesho. Mzee amelipa nauli, kesho atalipa tena. Mtu wa mapokezi anayejua kazi huanza na shikamoo na kiti. Kisha anaomba barua ya mwisho aliyopokea, ananakili kumbukumbu namba na kupiga simu masijala mzee akiwa hapohapo. Baada ya dakika kumi anamwambia: "Mwalimu, jalada lako lipo, ila barua ya ajira ya kwanza haimo. Usifunge safari nyingine bila nakala yake. Ukiipata, nipigie kwanza namba hii." Mzee hajalipwa chochote, lakini anaondoka akijua kinachokwama na wa kumfuata.

Mteja mwenye hasira naye ahudumiwe hivyohivyo. Usimwambie atulie, maana hilo humwongezea hasira. Mara nyingi anachokasirikia kilianza dirisha la tatu kabla ya lako. Mrudishie jambo lake kwa maneno yako ajue umelisikia, mwambie utakalofanya na siku ya kupata jibu. Siku hiyo ikifika, mpigie hata kama huna jipya. Hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Vituo vya simu vina tatizo lao. Wasimamizi wengi hupima urefu wa simu: anayeikata mapema anapata alama nzuri, na mteja asiyesaidiwa anapiga tena kesho, akahesabiwa kama simu mpya. Ukiwa huko, kuwa na kaunta buku yako. Andika tatizo, bila majina ya wateja, na uweke alama kila linaporudi. Miezi michache baadaye utakuwa na orodha ya kasoro za kampuni ambayo msimamizi wako hana. Mpelekee ukurasa mmoja wenye matatizo matatu yanayojirudia. Cheo hupatikana kwa njia hiyo mara nyingi kuliko kwa kuwahi kazini.

Mashine zinazojibu maswali mepesi, kama salio au saa za kufungua, zitaendelea kuongezeka. Kinachomfikia binadamu ni kile kilichoishinda mashine, yaani kigumu zaidi na chenye hasira zaidi. Kwa hiyo kazi imekuwa nzito, hata kama idadi ya simu imeshuka. Liseme hilo unapojadili mshahara, kwa kuwa mwajiri hatalisema.

Na kuna maarifa mapya yanayookotwa mezani palepale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023; Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Tazama kitabu cha wageni getini: kila anayesaini anasoma jina, namba ya simu na shida ya waliomtangulia. Mhazili atakayeliona hilo na kupendekeza utaratibu mwingine ameshaingia kwenye mazungumzo ambayo awali yalikuwa ya wanasheria.

Nisidanganye, zipo nafasi zilizokufa na hazitarudi. Ofisi haihitaji tena mtu wa kuchapa tu. Lakini ingia steshenari yoyote ya mtaani umwone aliyekuwa mpiga chapa: anawajazia watu maombi ya kazi ya Ajira Portal, ya mikopo ya wanafunzi na ya namba ya mlipakodi. Bado anatumia kibodi. Kinacholipiwa ni kujua fomu inakataa wapi na kwa nini.

Kozi ya kompyuta isome, cheti kinatakiwa kwenye maombi. Ila kabla hujalipa ada ya kozi ya pili, mwombe mkuu wako akuruhusu ukae masijala wiki mbili. Hakuna ada, na kwa kawaida masijala haina watu wa kutosha.