Je, Wajua? Goma, Ngara na lita 15 za maji

Je, wajua kwamba vipimo vinavyofuatwa leo katika kambi nyingi za wakimbizi duniani, kuanzia idadi ya vyoo hadi gramu za sabuni, vina mizizi yake Goma? Julai 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yakielekea ukingoni, watu wapatao 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda kuingia mji huo, katika nchi iliyoitwa Zaire, leo Kongo, kwa siku chache tu. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Jembe haliingii, kwa hiyo choo hakichimbiki, na kaburi vilevile. Watu wakanywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo. Kipindupindu kikaingia, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza pekee wakafa karibu watu 50,000.

Je, wajua kwamba wasaidizi hawakuwa haba? Goma ilikuwa na mashirika zaidi ya 100. Mengine yalikuwa na uzoefu wa miaka mingi, mengine yakijifunza kazi palepale, juu ya wagonjwa. Hapakuwa na kipimo kimoja cha kumwonyesha yeyote kati yao kwamba maji anayogawa hayatoshi.

Na je, wajua kwamba miezi michache kabla, upande wa Tanzania, mambo yalikwenda tofauti kabisa? Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka Daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kwa usiku mmoja, lakini vifo havikukaribia vya Goma. Akiba ya chakula na vifaa ilikuwapo tayari kwa sababu ya wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka uliotangulia, na palikuwa na bwawa la maji karibu. Jambo lingine halisemwi vya kutosha: serikali ya Tanzania na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walikataa kupokea kila shirika lililobisha hodi. Walichagua machache, kila moja likapewa kazi yake. Kwangu mimi, hilo ndilo somo kubwa la mwaka ule, na lilitoka Ngara.

Je, wajua kwamba mwaka 1996 ilitoka ripoti nzito ya tathmini ya pamoja kuhusu misaada ya Rwanda, iliyoanzishwa na Denmark? Ilitaka mashirika yawe na viwango na yawajibike. Ilisema pia, bila kumung'unya maneno, kwamba misaada haiwezi kushika nafasi ya maamuzi ya kisiasa ambayo mataifa yaliyakwepa.

Mwaka 1997 miungano miwili ya mashirika, mmoja wa Geneva uitwao SCHR na mwingine wa Marekani uitwao InterAction, ikazindua mradi wa Sphere. Kitabu chake cha mwongozo kilichapishwa rasmi mwaka 2000, kikapitiwa upya 2004, 2011 na 2018. Je, wajua kwamba hakuna askari wa kukilinda? Sphere haina mamlaka ya kulifungia shirika lolote. Nguvu yake yote ni makubaliano: mashirika yanayogombea wafadhili walewale yalikaa meza moja na kukubali kupimwa kwa rula moja. Kufika hapo ni kazi ngumu kuliko kuchimba kisima.

Je, wajua kiwango cha chini cha maji ni kiasi gani? Ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Bomba linatoa lita saba na nusu kwa dakika, hivyo dumu linajaa kwa dakika mbili na sekunde 40. Likifunguliwa saa nane mfululizo linatoa lita 3,600. Gawanya kwa 15, unapata watu 240, karibu sawa na wale 250. Kiwango hicho basi kinatokana na kasi ya maji yenyewe. Mwenye zamu akichelewa kufungua kwa saa mbili, watu 60 wamekosa maji ya siku ile.

Harakaharaka sasa. Choo kimoja kwa watu 20, kisiwe mbali ya mita 50 kutoka wanapolala. Kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Sabuni gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia, kwa mtu kwa mwezi. Nafasi ya kulala chini ya paa, mita za mraba tatu na nusu kwa kila mtu. Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji.

Je, wajua kwamba kwenye vyoo vya umma mwongozo unapendekeza vitatu vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume? Viwe na komeo kwa ndani na taa usiku. Mwanamke anayeogopa kwenda chooni gizani hupunguza kula na kunywa, na hilo huwezi kuliona kwenye idadi ya mashimo.

Je, wajua kwamba si wote walioafiki? Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walijitenga na mradi. Hofu yao ilikuwa kwamba namba zingegeuza huruma kuwa ufundi, na serikali zikajificha nyuma ya takwimu. Hoja yao ina uzito. Goma ilipopokea wakimbizi wa ndani mwishoni mwa 2022, kipindupindu kilirudi kwenye kambi za pembezoni mwa mji ingawa kitabu kilikuwapo na kila mtaalamu alikijua. Viwango bila fedha na bila amani havichoti maji. Lakini sioni kwamba jibu ni kuviacha. Bila lita 15 kuandikwa mahali, mwenye lita tano angelalamikaje?

Je, wajua kwamba mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uligawa kazi kwa makundi, kila sekta na kiongozi wake? UNICEF ilipewa maji na usafi, WHO ikapewa afya. Utaratibu huo ulijaribiwa kwenye tetemeko la Pakistan mwaka huohuo. Haiti, baada ya tetemeko la mwaka 2010, vikao vingi vya makundi hayo vilifanyika kwa Kiingereza ndani ya kituo cha Umoja wa Mataifa chenye ulinzi mkali, na mashirika ya Wahaiti yakabaki nje. Uratibu unaowafungia mlango wenyeji ni nusu uratibu.

Wajua kwamba hata mifugo ina viwango vyake? Vilitoka mwaka 2009, kwa jina la LEGS, na vinahimiza wanyama wanunuliwe mapema kabla ukame haujawamaliza, ili mfugaji abaki na fedha mkononi badala ya mizoga.

Na je, wajua kwamba tangu Desemba 2014 kuna Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu, chenye ahadi tisa, na mojawapo ni kwamba malalamiko ya wanaosaidiwa yapokelewe na kujibiwa? Kwa hiyo, ukikumbwa na mafuriko kama yale ya Rufiji na Tana River mwaka 2024, na shirika lililotoa ahadi hizo likaja kijijini kwenu, uliza mambo matatu: nani amechagua majina ya wanaopewa, mgao ni kiasi gani kwa mtu, na malalamiko yanapelekwa kwa nani.